Kikaratasi cha Siku ya Tatu

Karakana, 9 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zikufikie wewe na binti yako Mapengo. Mwambie meno yataota, asiache kucheka kwa ajili hiyo. Sisi huku wazima, ukiondoa magoti ya mkazamjomba wako, ambayo siku hizi yanalalamika kumshinda mwenyewe, na hilo unajua si jambo dogo.

Masikio yangu yamestaafu, mtu asiponipigia kelele sikioni simsikii. Juzi mteja alipiga hodi mlangoni mpaka akachoka, mimi nimeinamia meza napaka gundi. Alipokuja kunigusa bega nilirusha brashi, shati lake likapata gundi nami nikapata maneno, ingawa kwa bahati nzuri sikuyasikia. Kwa hiyo habari za kunipigia simu zisahau. Simu yenyewe ni ya mkazamjomba wako, na ujumbe ukiingia huusoma kwa sauti mpaka jirani wa tatu anatoa maoni. Tuandikiane hivihivi.

Kazi ipo. Nimeletewa vitabu arobaini vya maktaba ya shule, vyote vimeng'oka migongo. Watoto wanakitoa kitabu rafuni kwa kukivuta juu ya mgongo, kama wanamvuta mbuzi sikio. Navishona upya kimoja kimoja, lakini mkono umekuwa mzito. Nikimaliza vitatu najilaza sakafuni karibu na mashine ya kubania.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana nimekuwa nikiona damu chooni. Nilijiambia ni bawasiri, mtu anayekaa kutwa kwenye kigoda atakosaje. Nikauchuna. Mwezi uliopita nilianguka hapa karakana, nikapelekwa hospitali, wakaingiza kamera yao mahali ambapo sitaki kukumbuka. Kuna uvimbe kwenye utumbo mpana. Ni saratani. Watakata kipande kibovu tarehe 30 mwezi huu, kisha waziunganishe ncha mbili zilizobaki. Nilimuuliza daktari wa upasuaji anashona kwa uzi gani. Akacheka, akasema siku hizi wanabana kwa pini. Vitabu vilivyobanwa kwa pini ndivyo vinavyonipa kazi mimi.

Najua umeshaanza kumfikiria marehemu mama yako. Usimfikirie. Yeye alikuwa yeye, na mimi ni mimi.

Mjomba wako


Maabara, 15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu za kukaa. Mapengo anakusalimu, anasema amekuchorea kitabu lakini hakina mgongo, utamtengenezea. Anasoma vizuri. Anakohoa kidogo. Mimi nipo.

Nakuandikia wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya fomu zilizokosewa. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo mashine mbili, friji moja na vichupa vya damu vya hospitali nzima vinanitazama mimi. Nimechoka, mjomba. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule wa kuamka nao.

Miezi mitano! Mtu unaona damu miezi mitano na unanyamaza, na una mpwa ambaye kazi yake ni damu! Ningekuwa karibu ningekugombeza mbele ya wateja wako. Nina hasira hata sijui niziweke wapi.

Haya. Nisikilize, kwa kuwa masikio yako hayawezi, tumia macho. Kabla ya siku hiyo kula vizuri, mayai, samaki, maharage, hata kama hutaki. Watakupima protini ya damu, na ikiwa chini sana vidonda havifungi upesi. Baada ya upasuaji watakutoa damu siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Waambie wapime kitu kinaitwa CRP. Ini ndilo hukitengeneza mwili ukiwa na moto ndani. Hatari ya operesheni hii ni ule muungano wa utumbo kuvuja, na ukianza kuvuja mtu anaweza kuonekana mzima kabisa, anaongea, anatania, hana hata homa. Namba huwa imeshajua. Tunataka namba ndogo. Siku ya tatu iwe chini ya mia moja na hamsini. Ikizidi hapo, usikubali kutoka, hata wakufungashie vitu.

Naomba uninakilie namba zote tatu unitumie haraka. Mkazamjomba nikimuuliza kwenye simu ananiambia "kila kitu shwari", na yeye hata nyumba ikiungua atasema ni shwari.

Sitaweza kuja. Ni zamu hizi.

Ulichoandika mwishoni nimekisoma.

Mpwa wako


Wodi ya upasuaji, kitanda cha sita, 2 Aprili

Mpwa wangu mkali,

Nimo duniani. Tarehe 30 walinipasua, wakatoa walichotoa, wakanifunga. Kitanda cha tano yuko dereva wa lori anayekoroma mpaka mimi kiziwi nahisi kitanda kinatetemeka. Anatoka leo jioni na anapita mji wenu, kwa hiyo barua hii inakuja kwa mkono wake. Mkazamjomba wako anakuja kila siku na chupa ya uji na malalamiko ya magoti.

Namba zako hizi hapa. Vikaratasi vinaletwa kutoka maabara kila siku alasiri, muuguzi anavibana kwenye faili linaloning'inia miguuni pa kitanda. Nimenyoosha mkono nikasoma mwenyewe. Siku ya kwanza 14. Siku ya pili 11. Leo, siku ya tatu, 9. Unaona? Mwili wa fundi. Daktari anasema keshokutwa naenda nyumbani.

Kwikwi tu ndiyo imenikamata tangu asubuhi, haitaki kuniacha, mpaka wenzangu wanahesabu. Tumbo limejaa kidogo, bega la kushoto linauma, nadhani nimelilalia. Hayo ni madogo.

Mapengo alete kitabu chake.

Mjomba wako wa 9


Maabara, 4 Aprili

Mjomba,

Sina salamu.

Dereva aliniachia barua yako mapokezi leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, koti la kazi sijalifunga vifungo. Umenidanganya.

Hakuna mtu aliyekatwa utumbo akawa na 11 siku ya pili. Hayupo, hata awe fundi wa namna gani. Baada ya kisu namba hupanda kwa kila mtu, inavuka mia hata kwa anayepona vizuri, na kuanzia siku ya tatu ndipo tunataka ishuke. Hilo sikukuandikia. Niliogopa ungeona mia na kitu ukakata tamaa. Basi ukajitungia namba za mtoto aliyekwaruzwa na paka.

Nilimpigia mkazamjomba. Alikuwa anakunja shuka zako. Nikamwambia ampe simu muuguzi, sasa hivi, na asiniambie shwari. Muuguzi akafungua faili. Siku ya kwanza 96. Siku ya pili 171. Siku ya tatu hakuna kikaratasi. Daktari alipopita jana asubuhi aliona ile 171 ya mwisho, ambayo kwa siku ya pili haimshtui mtu, na kwa kuwa hukuwa na homa na ulikuwa unamtania, akaandika uende nyumbani leo mchana. Nikamwomba muuguzi apige maabara yao wamsomee daftari. Nilisubiri kwenye simu, vichupa vya watu vinazunguka kwenye mashine nyuma yangu. Akarudi. Akasema 228. Nikamwambia kuhusu kwikwi na bega, ambazo ni dalili za utumbo uliovuja. Akamwita daktari.

Saa hizi wamekupeleka kupigwa picha. Sijui zaidi ya hapo. Naandika kwa sababu kwa sasa siwezi kushika vichupa.

Ningekuwa nimekuja mwenyewe, kikaratasi hicho kingekuwa mkononi mwangu.

Mpwa wako


Maabara, 15 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Najua huwezi kujibu. Mkazamjomba amenieleza: muungano ulikuwa umevuja, wakakupasua tena siku ileile, wakautoa utumbo kwenye mfuko ubavuni, na uko chumba cha wagonjwa mahututi siku ya kumi na moja sasa. Kila nikipiga nasema, "Vipi?" naye ananijibu, "Yupo." Neno moja. Mwanamke yule! Sikuwahi kufikiri nitatamani aniambie shwari.

Mapengo amepona kikohozi. Mashine moja imeharibika. Naandika ili tu uikute barua ukiamka.

Mpwa wako


Nyumbani, 6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia umerudi nyumbani. Mkazamjomba anasema unakula, unajifunza kuubadilisha mfuko mwenyewe, lakini huongei na hushiki kalamu. Anasema pia alipokuwa anafua nguo za hospitali alikuta kikaratasi kwenye mfuko wa pajama lako, kimekunjwa mara nne. 228. Akanisomea kwenye simu, hajui ni nini, akauliza kama akitupe. Nilimwambia akitupe.

Sasa najua kwa nini huandiki. Unaona haya mbele yangu. Mjomba, mimi ndiye wa mwisho duniani wa kuonewa haya, na nitakuambia kwa nini, halafu ufanye unavyotaka.

Mama hakufa ghafla.

Miaka mitatu iliyopita alipokatwa utumbo, hapa hospitalini kwangu, damu yake niliipima mimi. Ukoo wote mnajua kwamba nilikuwa kazini wiki ile. Hamjui kwamba siku ya tatu, saa tisa alasiri, kichupa chenye jina la mama yangu kilipita mkononi mwangu na mashine ikaandika 241. Niliitazama. Nilijua maana yake kama ninavyojua njia ya kwangu.

Tuna orodha ukutani ya namba ambazo lazima tupige simu wodini zikitokea. Sukari ya chini sana, potasiamu, hizo. CRP haimo. Zaidi ya orodha, fundi wa maabara hapigi simu, anatoa namba, maneno ni ya daktari. Mwaka ule nilikuwa mgeni, nilikuwa nimeshaonywa mara moja kwa kumpigia daktari mmoja aliyeniambia nisimfundishe kazi. Nikaogopa kuonekana napiga kwa sababu mgonjwa ni mama yangu. Nikaandika kikaratasi, nikakiweka kwenye trei ya wodi kama vingine, nikajua kitasomwa asubuhi. Nikapita kumwona. Alikuwa anacheka. Aliniambia nina uso wa mtu mwenye njaa, nikale. Nikaenda.

Asubuhi daktari alipokisoma, kilikuwa hakina kazi tena.

Niliwaambia wote kwamba ilikuwa ghafla. Wewe ulinishika mkono makaburini ukasema angalau hakuteseka akiwa peke yake, kwamba mimi nilikuwepo. Nilikuacha uamini.

Ndiyo maana nilikuomba namba kwa barua badala ya kupanda gari. Haikuwa zamu. Tangu siku ile sijaingia wodi ya upasuaji, si ya kwetu wala ya mtu mwingine. Nikipeleka majibu naishia mlangoni, namwita muuguzi atoke nje. Nilishindwa kuja kwako, mjomba, na kidogo nikuzike nawe.

Sitaki unifariji. Nimechoka kulibeba hili, basi.

Mpwa wako


Karakana, 29 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Mkazamjomba wako mzima, mimi nina mfuko unaojiamulia mambo yake mbele za wageni. Vitabu vya shule vimebaki kumi na saba, mwalimu amekuja kuuliza mara mbili. Nafanya kimoja kwa siku.

Barua yako ilifika tarehe 11. Nimekukasirikia, nisikufiche. Siku za kwanza nilikuwa nikiikumbuka nakoroga gundi mpaka inakuwa ngumu. Yule alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako. Nilipovunjika mguu nikiwa darasa la pili alinibeba mgongoni muhula mzima, kwenda na kurudi, naye alikuwa mwembamba hivi, na mimi nilikuwa mzito na mnung'unikaji. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya. Niliyaandika. Nimeyachana.

Nilimwambia mkazamjomba wako. Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Jioni akaniuliza: "Na wewe kile kikaratasi ulikificha cha nini?"

Jibu lake nakupa wewe.

Nilikitoa kwenye faili ili ninakili, kama ulivyoniomba. Nilikuwa nanakili kwa haki, naapa, 96 nilishaiandika kwenye karatasi ya kwanza. Kisha nikasoma 228. Uliniandikia mwenyewe: ikizidi mia moja na hamsini, usikubali kutoka. Nilielewa vizuri sana. Nikaichana ile karatasi, nikakikunja kikaratasi nikakitia mfukoni, nikaanza barua nyingine ya uongo na kwikwi. Dada yangu alifia kwenye kitanda cha chuma, mapazia ya plastiki pande zote. Mimi nilitaka kufia kwangu. Si kwamba sikujua, mpwa wangu. Nilikuwa naenda nyumbani kufa, na nilikutania mpaka kwenye sahihi ili usije ukanizuia.

Nilipozinduka na bomba mdomoni nilikuchukia kwa kunizuia. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili mkazamjomba wako aliniosha uso kwa kitambaa cha uvuguvugu, akawa analia na kunisema kwa pamoja, nikatamani sana kuishi. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli.

Kwa hiyo tupo wawili tulioiona namba tukanyamaza. Wewe ulifuata orodha ya ukutani na uliogopa, na ulikuwa bado mgeni kazini. Mimi sikuwa na orodha wala bosi, nilikuwa na ukaidi tu. Na mara ya pili wewe ulipiga simu. Nikijaribu kukasirika sasa, hapo ndipo ninapokwama.

Neno la kusamehe sitaliandika leo. Nikiliandika leo litakuwa la kukuridhisha, na sisi wawili tumeridhishana vya kutosha. Bado linaniuma nikifikiri alivyokuambia ukale. Nadhani litaniuma muda mrefu, nawe pia, tutalizoea au hatutalizoea.

Tarehe 17 Agosti wananipasua tena, wanarudisha utumbo ndani na kuuunganisha upya. Damu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mwanzo. Sitakunakilia namba. Sijiamini, nawe usiniamini. Nataka ukae kwenye kiti kando ya kitanda, kikaratasi kikija ukishike wewe kwanza.

Najua huingii. Mkazamjomba wako amenisomea sehemu hiyo mara mbili, kwa sauti yake ileile. Mimi mwenyewe, juzi tulipoenda kukaguliwa kidonda, nilifika kwenye mlango wa wodi ile miguu ikagoma, ikabidi waniletee kiti cha magurudumu, mzee mzima, nasukumwa huku nimefumba macho.

Usijibu barua hii. Njoo tarehe 16, tusimame mlangoni wote wawili, mmoja akipata nguvu amvute mwenzake.

Mjomba wako